Yuro 45 kumwona Velázquez: uzoefu wangu na ziara ya kuongozwa pale Prado

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, kwa hiyo msinitegemee kuongea kama msomi wa sanaa. Nilikwenda Madrid kumtembelea dada yangu, na ndiye aliyenikataza kuingia Prado, jumba la makumbusho la sanaa, peke yangu. "Mdogo wangu, utachoka ukumbi wa tatu, utoke unakumbuka dari tu." Tukanunua mtandaoni ziara ya mchoraji mmoja, Diego Velázquez: muda wa saa mbili, kwa Kiingereza, yuro 45 kwa kichwa, tiketi ya mlangoni ikiwa ndani yake.

Nianze na kero. Tangazo lilisema kundi halitazidi watu 10, tulikuwa 23. Kila mtu alipewa kidude cha kuning'iniza shingoni chenye waya wa sikioni ili amsikie mwongozaji, na changu kilikoroma kama redio inayotafuta stesheni. Nilibadilishiwa, ndiyo, ila baada ya dakika 20. Habari yote ya Sevilla, mji aliokulia Velázquez, ikawa imenipita: kuzaliwa 1599, uanafunzi kwa Francisco Pacheco, kumwoa binti wa mwalimu wake 1618. Hayo nilisimuliwa na dada tukiwa kwenye treni. Halafu humo ndani hairuhusiwi kupiga picha. Hilo si kosa la kampuni, lakini kwa mtu wa kazi yangu ni sawa na kukaribishwa jikoni kwenye pilau ukaambiwa unuse tu.

Sasa yule mwongozaji. Mama wa makamo, sauti ya chini, hana haraka. Hakumweleza Velázquez kama "gwiji", alimweleza kama mwajiriwa. Kijana wa miaka 24 anaingia kazini ikulu mwaka 1623, bosi wake, mfalme wa Hispania Felipe IV, ana miaka 18, na hapo anabaki miaka 37 mpaka kufa. Posho yake ya kila siku ilipangwa sawa na ya vinyozi wa mfalme. Nilicheka peke yangu. Mpiga picha yeyote aliyewahi kuletewa sahani yake saa sita usiku, baada ya MC na watu wa muziki, anajua habari hiyo.

Mwaka 1652 akapandishwa cheo, lakini si cha brashi: akawa msimamizi wa makazi ya mfalme. Funguo, samani, kuni, usafi, malazi kila msafara unapotoka. Ndiyo maana kazi zinazokubalika kuwa zake ni kama 120 tu kwa maisha yote. Muda aliuacha kwenye makabati.

Tulifika ukumbi namba 12, kwenye mchoro wake Las Meninas wa 1656. Mita tatu na kitu kwenda juu. Nimeuona mara nyingi kwenye simu, na simu inadanganya. Kila kamati ya harusi hunisumbua na swali lile lile: nani akae katikati? Huyu bwana kamweka binti mfalme wa miaka mitano katikati, wenye nyumba, mfalme na malkia, kawatupa kwenye kioo kidogo ukutani nyuma, na yeye mwenyewe kasimama pembeni na brashi, anakutazama. Kulia kijana mdogo anamkanyaga mbwa anayesinzia. Mbali kabisa kuna mtu amesimama kwenye ngazi, mlango wazi, mwanga nyuma yake; mwanga ambao mimi ningeukimbia, yeye kauweka makusudi ili jicho lisigande mbele. Mwongozaji akatuambia tusogee, kisha turudi nyuma. Ukisogea, gauni la binti mfalme ni madoa na michirizi. Hatua sita nyuma, linakuwa hariri na fedha. Hapo tulikaa dakika 15, na kwangu hela yangu ilirudi hapo.

Ule msalaba mwekundu kifuani mwa Velázquez kwenye mchoro huo uliongezwa baadaye. Ni alama ya Chama cha Mashujaa wa Santiago, ambacho alikubaliwa 1659, na ili uingie ilibidi kuthibitisha kwamba una damu ya kikabaila na hujawahi kula kwa kazi ya mikono. Walihojiwa mashahidi zaidi ya 100. Wachoraji wenzake waliapa kwamba hakuwahi kuchora kwa ajili ya malipo! Kundi zima liliangua kicheko.

Kilichonikera zaidi ya redio ni Juan de Pareja. Alipitishwa kwa sentensi moja, "msaidizi wake", basi. Niliinua mkono. Ndipo mama wa watu akafungua kishikwambi akatuonyesha picha iliyopo New York: mtu mwenye asili ya Afrika, kola nyeupe, anakutazama bila kupepesa. Alikuwa mtumwa wa Velázquez. Picha ilichorwa Roma 1650, ikaonyeshwa hadharani pale Pantheon, jengo la kale la mji huo, na mwaka huo huo Velázquez akatia saini hati ya kumwacha huru, kwa sharti aendelee kutumika miaka minne. Pareja naye alikuwa mchoraji, na kazi yake ya 1661 ya kuitwa kwa Mathayo ni mali ya Prado hiyo hiyo, yeye mwenyewe akiwa amejichora pembeni kushoto. Ziara ya yuro 45 isingojee mtu mmoja aulize ndipo iseme haya.

Mwisho wa maisha ya Velázquez ulisimuliwa haraka, nadhani muda ulikuwa umetubana: 1660 alitumwa mpakani mwa Ufaransa kuandaa mapambo ya hafla ya kumkabidhi binti mwingine wa mfalme kwa Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, akarudi Madrid kachoka, akafa tarehe 6 Agosti. Kazi ya mwisho, mapambo ya harusi.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki kwenye kile kidude na zile kelele za watu 23. Ukienda, fika mapema uchague kifaa na ukijaribu kabla hamjaondoka mlangoni. Na kama mfuko umekauka, kuna kuingia bure saa mbili za mwisho, kuanzia saa 12 jioni Jumatatu hadi Jumamosi, na saa 11 Jumapili. Mimi nilirudi kesho yake kwa mlango huo, nikapanga foleni, nikaenda moja kwa moja ukumbi namba 12.