Mahamri ya Jamhuri, ila mbaazi mnisamehe
Juzi tarehe 12 Desemba nikapita na wanangu kwenye kimkahawa kimoja cha uchochoroni hapa Lamu, si mbali na uwanja wa Mkunguni, maana zamani Jamhuri ikifika baba alikuwa akitupeleka pale mbele ya Ngome kuskiza hotuba kwenye redio ya mtu, halafu tunanunuliwa mahamri na mbaazi, watoto sita sahani mbili, tui la mwisho tunalipigania kwa vidole. Mahamri bado yako sawa, yamefura, iliki unaiskia kabla hujatia mdomoni, lakini mbaazi tui jepesi kama maji ya kuoshea mchele, na tumengoja dakika 40 jamani, punda wanatupita tu! Juisi ya ukwaju lakini, wallahi hiyo naifuata tena. Beba pesa ndogondogo, chenji hawana.