Simba wa "mkono" niliyemnunua mtandaoni

Nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za ufungaji. Mzigo ulifika Posta ya Mnara wa Saa baada ya wiki tano, umebanwa katikati ya mbao mbili nyembamba, haujakunjika hata pembe. Mimi ni fundi fremu wa Kaloleni hapa Arusha, kazi kama hiyo naiheshimu.

Ndani kulikuwa na picha ya Simba, yule wa katuni za Disney. Tangazo lilisema ni seli halisi iliyotumika kutengeneza filamu ya The Lion King ya 1994, imepakwa rangi kwa mkono, na ina cheti chenye muhuri wa dhahabu. Nililipa shilingi 240,000, zawadi ya binti yangu aliyejifunza kuchora kwa kumwiga Simba huyo huyo.

Seli ni plastiki angavu. Zamani kila hatua ya katuni ilikuwa na plastiki yake, mistari mbele, rangi nyuma, ndipo inawekwa juu ya mandhari na kupigwa picha. Nikaigeuza hii: nyuma laini kama kioo. Rangi ya brashi ukiimulika kwa pembeni unaiona ilivyonenepa, ina kingo, na pale brashi ilipotua imejaa zaidi. Nikachukua lenzi ninayokagulia picha za zamani. Manyoya yote ni nukta za printa. Matundu ya kuishikilia plastiki isisogee hayapo. Hilo pekee lisingenitisha, maana wengine huyakata, lakini hata namba ya picha hakuna.

Kilichoniuma zaidi ni mwaka. Filamu ndefu ya mwisho ya studio kuu ya katuni ya Disney kupakwa rangi kwenye seli ni The Little Mermaid, 1989. Tangu The Rescuers Down Under ya 1990, rangi ikatiwa kwa kompyuta. Simba alichorwa kwa penseli kwenye karatasi, kisha akaingizwa kompyutani. Seli yake ya kutengenezea filamu haikuwahi kuwepo! Zipo zinazotolewa kwa ajili ya wakusanyaji tu, na kuziuza si kosa, mradi useme hivyo.

Niliwaandikia wauzaji. Jibu lao: "Cheti unacho." Cheti chenyewe hakina jina la mkaguzi wala anwani.

Kabla hujatuma hela, dai picha ya upande wa nyuma, imemulikwa kwa pembeni. Wakikutumia ya mbele tena, achana nao. Mimi wamenipa siku saba kurudisha, nauli juu yangu. Kesho asubuhi narudi Posta na mbao zao zile zile.