Miezi minane na reli ya alumini, bila msumeno wa mezani

Chumba changu cha kazi ni chembamba. Ubao mzima wa plaiwudi, mm 1220 kwa 2440, ukishaingia ndani hakuna nafasi ya kuugeuza. Kuusukuma peke yangu juu ya msumeno wa mezani, ukining'inia nyuma bila mtu wa kuupokea, ni kazi ninayoiogopa. Kwa hiyo msumeno huo sijawahi kuwa nao, na bado nataka makabati ambayo milango yake inafunga bila kukwaruzana. Ndiyo maana natumia msumeno wa duara wa mkononi, nikiuongoza kwa reli ya alumini inayolala juu ya ubao.

Mwanzo nilikuwa nafunga ubao mnyoofu kwa klempu na kuuegemezea msumeno wa duara. Mkato ulinyooka vizuri tu. Kilichonichosha ni hesabu. Kwenye msumeno wangu, kutoka ukingo wa kitako, yaani bamba la chini linaloteleza juu ya ubao, hadi kwenye jino la diski ni mm 38, basi kila mkato napima, narudi nyuma mm 38, nafunga, halafu najiuliza kama diski itapita ndani ya mstari au nje yake. Diski yenyewe inakula mm 2. Siku moja nilikosea upande, rafu nne zikatoka fupi kwa mm 2 hizo hizo, na plaiwudi ilikuwa imeshaisha.

Reli niliyonunua baada ya hapo ni ya vipande viwili vya mm 1400, pamoja na kitako cha plastiki kinachofungwa chini ya msumeno wa kawaida. Uzuri wake wote uko kwenye ukanda wa mpira uliobandikwa ukingoni. Unapopitisha msumeno mara ya kwanza, diski inaupunguza ukanda huo, na tangu hapo ukingo wa mpira ndio mstari wa mkato. Unaweka alama mbili kwa ncha ya kisu, unalaza mpira juu yake, unakata. Hakuna kujumlisha wala kutoa. Tena mpira unakandamiza uso wa mbao pale meno yanapotokea kuelekea juu, kwa hiyo plaiwudi haichanikichaniki. Faida hiyo ni ya upande ulio chini ya reli tu. Upande wa pili hutoka na vibanzi, basi kipande unachokitaka ndicho kikae chini ya reli. Na ukibadilisha diski ukaweka ya unene mwingine, usiuamini tena ukingo huo bila kuupima upya.

Lawama yangu kubwa ni kiungio cha vipande viwili. Nilikaza parafujo zake nikaridhika, nikakata mbavu mbili za kabati zenye urefu wa mm 2300. Nilipozisimamisha ukingo kwa ukingo, mwanga ulipita katikati. Reli ilikuwa imepinda kidogo pale ilipoungwa, na kila kosa dogo la reli huonekana mara mbili ukikutanisha kingo. Siku hizi naegemeza rula ndefu ya chuma kwenye vipande vyote viwili kabla ya kukaza, na parafujo nazikaza kwa zamu, kidogo kidogo. Kitako nacho kilikuja kikichezacheza. Kina parafujo za kurekebisha. Nilizikaza mpaka msumeno ukateleza bila kutikisika ubavuni, na kingo za mbao zikabadilika siku hiyo hiyo.

Reli inanyoosha, lakini pembe mraba haiijui. Guniya fupi, kile kipimo cha pembe mraba, haitoshi kwenye ubao mpana. Mimi hukata kwanza ukingo mmoja ili niwe na mahali pa kuanzia, kisha kuanzia kwenye kona napima mm 600 upande mmoja, mm 800 upande mwingine. Kati ya alama hizo mbili tepu ikisoma mm 1000 kamili, naendelea. Vipande vya upana mmoja sivipimi kwa tepu kila mara. Nakata vijiti viwili vya urefu sawa kutoka kwenye mabaki, naviweka kila mwisho kati ya ukingo wa ubao na ukingo wa reli. Tangu nianze kufanya hivyo, mbavu za droo zinatoka sawa hata nikikata kumi.

Chini ya ubao natandika bamba la povu gumu. Diski naishusha ipite unene wa mbao kwa mm 5 hivi, nikikumbuka kuongeza unene wa reli yenyewe, na vipande vyote viwili vinabaki vimelala. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu ya usalama: ubao ukiachwa juu ya stuli mbili tu, katikati unabonyea, njia ya diski inajifunga, msumeno unaruka kurudi kwako. Kwa plaiwudi natumia diski ya meno 48. Ya meno 24 naiacha kwa kuchana mbao nene kufuata nyuzi.

Pale inaponishinda ni kwenye vipande vyembamba. Ukitaka fito ya mm 30, reli haina pa kukaa, inainama. Fito moja au mbili nazipata kwa kuweka kando yake mbao nyingine ya unene uleule ili reli ilale sawa. Zikiwa ishirini, nazipeleka kwa fundi mwenye msumeno wa mezani anichanie.