OpenMediaVault nyumbani: miezi saba ya kugawana faili hapa Bombo

Kwa muda wa miezi saba sasa, kompyuta ya mezani iliyokuwa ikikusanya vumbi nyuma ya mlango wa chumba chetu cha wageni imekuwa ghala la faili za nyumba nzima. Inaendeshwa na OpenMediaVault, programu ya bure ya kugawana faili iliyojengwa juu ya Debian, aina mojawapo ya mfumo wa Linux, na kuanzishwa na Volker Theile, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2011. Ninatumia toleo la 7, linalosimama juu ya Debian 12. Tathmini hii namwandikia mwenye kompyuta tatu au nne nyumbani, pamoja na watu wasiopaswa kuchungulia mambo ya wenzao, kwa sababu katika suala la ruhusa ndipo programu hii inapofaa zaidi, na ndipo inapoweza pia kumtoa mtu kijasho.

Kabla yake tulikuwa na mpangilio tuliowekewa na fundi wa duka moja la kompyuta jijini Kampala. Alichomeka diski ya nje kwenye laptopu ya mke wangu, akaifungulia mtandao wote kupitia kile kikundi cha Windows kinachojumuisha kila mtu, tena kwa mamlaka kamili, akapokea pesa zake na kuondoka. Mambo yalikwenda vizuri hadi siku kijana wetu mdogo alipofungua jedwali la hesabu za duka la mama yake, akajaza majina ya wachezaji wa mpira kwenye safu ya madeni, kisha akalihifadhi vivyo hivyo. Nilipotaka kumwekea mipaka, niligundua kwamba diski ile ilikuwa imepangwa kwa mfumo wa exFAT, ambao hauna hata mahali pa kuandika nani aguse faili gani. Kwenye Windows, ruhusa za namna hiyo zinahitaji NTFS, mfumo mwingine wa kupanga diski. Ningeweza kuipanga upya, lakini kila laptopu ile ilipofungwa au kusafiri, sisi wengine tulibaki mikono mitupu. Ndipo nikaamua kutafuta seva, yaani kompyuta inayokaa mahali pamoja kuhudumia nyingine.

Kuisakinisha si kazi kubwa, ila ijulikane mapema kwamba OpenMediaVault hudai diski yake yenyewe, na kwa kawaida faili za kugawana hukaa kwenye diski nyingine. Mimi niliipa SSD ndogo ya GB 120, nikaacha diski ya TB 1 kwa ajili ya faili, na kumbukumbu ya GB 4 iliyokuwamo imetosha. Usimamizi wote hufanyika ndani ya kivinjari. Nenosiri la kuanzia la msimamizi ni jina la programu yenyewe, jambo ambalo kila mtu duniani analijua, kwa hiyo libadilishwe kabla ya kingine chochote. Tena, badiliko lolote halianzi kazi mpaka ulithibitishe kwenye ukanda wa manjano unaojitokeza juu ya ukurasa. Usiku wa kwanza niliilaumu ruta kwa nusu saa nzima, kumbe ukanda ule ulikuwa ukinisubiri.

Nilifungua akaunti nne na folda tatu: ya familia, ya masomo na ya duka. Ukichagua folda, unaletewa jedwali la watumiaji, na mbele ya kila jina kuna hatua tatu: kusoma na kuandika, kusoma tu, au kunyimwa kabisa. Binti yetu, ambaye yuko kidato cha nne na anajiandaa kwa mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, anaandika kwenye folda ya masomo. Mdogo wake anasoma tu. Folda ya duka ni ya mama yao. Sijaona mpangilio ulio wazi zaidi ya huu, na kwa mtu aliyezoea madirisha ya Windows yanayofunguana moja ndani ya jingine, ni nafuu kubwa.

Tatizo ni kwamba jedwali hilo ni mlango wa kwanza tu. Linaiambia Samba, yaani programu inayozungumza na kompyuta za Windows, nani aruhusiwe kupita. Nyuma yake Linux ina ruhusa zake zenyewe juu ya kila folda na kila faili, na mtu sharti apite kote kuwili. Nilipoiunda folda ya masomo nilichagua, kwa tahadhari iliyozidi kiasi, kikundi cha watumiaji kisome tu. Binti akaingia, akaona kila kitu, lakini kila alipohifadhi kazi alikataliwa, ilhali jedwali lilionyesha wazi kwamba anaruhusiwa kuandika. Ilinibidi niende kwenye ukurasa wa ACL, yaani orodha ya hizo ruhusa za Linux, nikipe kikundi haki ya kuandika, na kuagiza badiliko lishuke hadi folda za ndani. Ukurasa huo uko jirani sana na ule wa ruhusa za kawaida, maelezo yake ni machache, na kosa moja hapo linaweza kuvuruga diski nzima. Nyumba nyingi hazina haja ya kuugusa kama folda imeundwa sawasawa tangu mwanzo, na naona ungefichwa mbali kidogo.

Jambo la pili halitokani na OpenMediaVault, ila litakukuta. Watoto wetu walikuwa wakitumia laptopu moja yenye akaunti moja ya Windows, na Windows haikubali kuunganishwa na seva ileile kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Hutoa kosa namba 1219. Dada akishaingia kwa jina lake, mdogo wake akikaa kwenye kiti kilekile anapata ruhusa zote za dada. Tulitengeneza akaunti mbili ndani ya laptopu yenyewe, kila moja ikiwa na nenosiri lililohifadhiwa peke yake, na tangu hapo kusoma tu kumekuwa kusoma tu.

Kuna chaguo dogo la pipa la taka ambalo ningeshauri liwashwe kwa kila folda, maana faili inayofutwa kupitia mtandao haipiti kwenye pipa la Windows. Hapa huhamia kwenye folda iliyofichwa, ikiwa chini ya jina la aliyeifuta, jambo ambalo limemaliza mabishano kadhaa. Kasi yetu inazuiwa na ruta yenye milango ya megabiti 100, hivyo video ya GB 4 huchukua dakika sita hivi, lakini haigusi bando hata kidogo kwa kuwa haitoki nje ya nyumba. Kwa ajili ya umeme nilinunua UPS ndogo, na kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, nikaweka kompyuta ijiwashe yenyewe umeme unaporudi. Kisanduku chetu cha zamani cha televisheni hakiioni seva, kwa sababu kinajua SMB1 tu, lugha ya zamani ya kugawana faili, ambayo Samba imeifunga kwa kawaida tangu toleo la 4.11 la mwaka 2019. Inaweza kufunguliwa, lakini nikikumbuka jinsi WannaCry, programu hasidi iliyofunga faili za watu na kudai fidia, ilivyopenya kupitia SMB1 ya Windows mwezi Mei 2017, naona heri filamu tuzitazame kwenye laptopu.

Nilipomkabidhi mke wangu nenosiri la folda yake aliuliza swali moja: je, wewe msimamizi unaweza kuifungua? Nilikiri kwamba naweza, kwani ruhusa hizi hazimzuii mwenye kuzigawa, na diski haikusimbwa, yaani faili zake hazikufichwa kwa msimbo. Jioni ileile aliweka nenosiri kwenye jedwali la hesabu lenyewe, na mpaka leo sijaambiwa ni nini.