Kimenyeo kipi cha kununua kwa jiko la Tanga

Anayemenya viazi vya Lushoto kwa kisu huondoa ganda pamoja na nyama ya kiazi, na kwa mama anayekaanga viazi karai kila jioni, upungufu huo huonekana sufuriani. Kimenyeo kizuri hutoa ganda jembamba kama karatasi. Hata hivyo, vimenyeo vinavyopangwa kwenye meza za Soko la Mgandini na maduka ya vyombo ya Ngamiani havilingani ubora, ingawa vyote hung'aa vikiwa vipya.

Ninachokiweka mbele ni kile chenye umbo la panda ya manati, ambacho wembe wake umelazwa kati ya pembe mbili na kuachwa ucheze. Kwa kuwa wembe huo hufuata mgongo wa kiazi wenyewe, mkono haulazimiki kukandamiza, na mkono unaokandamiza ndio unaoteleza na kukatwa. Kabla ya kulipa, usukume wembe kwa kidole upande usio na makali: unapaswa kuinama huku na huku bila kukwama, wala usipwaye. Kagua pia pini zinazoushika, maana kutu huanzia hapo, na hewa ya bahari haina huruma na chuma duni. Changu cha awali nilikuwa nikikiacha usiku ndani ya beseni la vyombo. Pini zikashika kutu, wembe ukakwama, nami nikaanza kukandamiza hadi nikajikata kidole gumba.

Cha pili ni kilichonyooka kama kisu, nacho kiwe na wembe unaocheza. Aliyezoea kisu hukimudu upesi, hufaa sana kwa karoti na matango, na ncha yake hung'oa macho ya viazi. Chenye meno kinunuliwe kwa ajili ya nyanya na maembe yaliyoiva, ambayo ganda lake huteleza, ila kisiwe cha pekee jikoni. Wembe wa kauri haushiki kutu, lakini ukianguka kwenye sakafu ya saruji huvunjika. Chenye wembe usiocheza na makali upande mmoja sikipendekezi, hasa kwa anayetumia mkono wa kushoto.

Kwa muhogo, usinunue chochote kati ya hivi. Kimenyeo huondoa gamba la juu tu na kuacha ganda nene la ndani, ambalo ndilo lenye sumu nyingi zaidi; kisu kilichopasua ganda kwa urefu hulibandua lote.

Unapomenya karoti, ilaze juu ya ubao, shika ncha moja, menya kuelekea mbali na vidole, kisha igeuze umalizie upande uliokuwa mkononi. Ukimaliza, kioshe kimenyeo peke yake, kikaushe, na ukitundike msumarini, pasipofikiwa na watoto.