Miezi 9 na fremu ya kutembelea: uzoefu wangu kama mzazi wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo

Huu ni mwezi wa 9 tangu nimnunulie binti yangu fremu ya kutembelea, ile ambayo mtoto huivuta nyuma yake badala ya kuisukuma mbele, na kwa kuwa wazazi ninaokutana nao kliniki wameniuliza mara nyingi kama inastahili bei yake, nimeona niwajibu kwa maandishi. Tunaishi Tanga, Ngamiani, kwenye mitaa ya barabara za namba. Hilo nalitaja mapema kwa sababu mchanga wa uchochoro wetu una sehemu kubwa katika habari hii.

Binti yangu ana miaka 7, na mtindio wa ubongo, yaani athari ya ubongo iliyotokea mapema maishani, umeikakamaza misuli yake na kuufanya mwendo wake kuwa mgumu. Katika mfumo wa kimataifa wa kupanga uwezo wa mwendo wa watoto wenye mtindio wa ubongo, ambao una madaraja 5, yeye yuko daraja la 3: hutembea kwa kushika kifaa, na mwendo mrefu huhitaji kiti mwendo. Fremu yake ilichomelewa na karakana moja ya mjini kwa mabomba ya chuma, ina magurudumu 4, na yale mawili ya nyuma yana kizuizi kinachoyazuia kurudi kinyumenyume. Nililipa shilingi 190,000. Kabla ya hapo alikuwa na ile ya kusukuma mbele, akiiegemea kwa kifua kama mtu anayesukuma mkokoteni mlimani. Kwa hii ya nyuma mgongo ulinyooka ndani ya wiki ya kwanza, na kwa kuwa mbele yake hapana chuma, aliweza kusogea hadi mezani, kufungua mlango na kuupiga mpira kwa mguu wake mwenyewe. Kwa umbo lake, basi, sina malalamiko.

Nilikuwa nikiandika katika daftari dakika anazotembea kila siku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unashauri watoto wa miaka 5 hadi 17, wakiwemo wenye ulemavu, wafikishe wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za mwili zinazoharakisha pumzi. Sisi wiki za mwanzo hatukuvuka dakika 15, na wiki ya nne tuliporomoka hadi 5. Nilimlaumu fundi, halafu, naona haya kuliandika, nikamlaumu mtoto kuwa ni mvivu. Nilipompelekea mtaalamu wa fiziotherapia daftari langu, hakuigusa fremu kwanza, bali alimvua mtoto viatu. Splinti za miguu, yaani vifaa vigumu anavyovaa ndani ya viatu kushikilia miguu na vifundo, zilizotengenezwa mwaka uliotangulia, zilikuwa zimemkaa ndogo na zimeacha alama nyekundu kwenye vifundo. Mtoto alikuwa akiumia na hakusema, kwa sababu amezoea kwamba mazoezi ni jambo la kuumia.

Siku hiyo pia ndipo nilipoelewa suala la uchovu. Mtoto ambaye misuli yake imekakamaa anaweza kutumia nguvu mara 2 au hata 3 ya zile anazotumia mwenzake kwa umbali uleule, hivyo wangu, niliyemlazimisha kwenda shule kwa miguu ili "ajizoeze", alikuwa akifika amekwisha kabla kengele haijalia. Tulibadilisha: asubuhi anakwenda kwa kiti mwendo, fremu inabaki kwa ajili ya jioni. Nilikuwa nimeambiwa na wengi kwamba kiti mwendo kitamdekeza, lakini kwa mujibu wa daftari langu dakika za kutembea ziliongezeka.

Sasa mchanga. Magurudumu ya plastiki ya inchi 5 aliyotuwekea fundi yanateleza vizuri kwenye sakafu ya saruji, lakini hatua tatu nje ya kizingiti yanazama, na mtoto anabaki akiivuta fremu kama jembe. Karakana ilinijibu kwamba kifaa hicho ni cha ndani, jambo ambalo hakuna aliyenieleza nilipokuwa nikilipa. Nilibadilisha kwa gharama yangu magurudumu ya mpira ya inchi 8, shilingi 48,000 kwa yote 4, na huo ndio mwezi ambao mtoto alianza kucheza nje.

Kuhusu watoto wa jirani sikutarajia lolote. Walimkubali katika kombolela kwa sharti lao wenyewe: yeye ni mlinzi wa kopo wa kudumu, na anayetaka kulipiga sharti alizunguke kwa nyuma ya fremu. Hakuna zoezi la kliniki lililowahi kumfanya ageuke upesi namna ile, mara kushoto mara kulia, hadi jasho linamtiririka. Jioni moja nilihesabu dakika 40, naye akalia nilipomwita ndani.

Shuleni hali ni nyingine kabisa. Kipindi cha michezo huachwa darasani "asije akaanguka", na njia ya kwenda chooni ina ngazi 4 bila mahali pa kushika. Nyumbani bibi yake naye alikuwa na desturi ya kumbeba kila anapomwona akihangaika, kwa huruma tu, na ilinibidi niseme naye kwa adabu, zaidi ya mara moja. Siku hizi hukaa barazani na kumhesabia hatua kwa sauti, ingawa mkono bado humwasha.

Kasoro nyingine za fremu ni uzito, kwani kuipandisha kwenye daladala ni kazi ya watu wawili, na vishikio ambavyo sponji yake ilichakaa mwezi wa tatu. Matundu ya kurekebisha urefu yapo 5, nasi tumekwisha tumia 2. Vishikio vinapaswa kuwa usawa wa nyonga, viwiko vikunjike kidogo.

Kwa anayetaka kununua: nenda na mtoto akapimwe akiwa amevaa splinti zake, si kwa kukisia umri, mwambie fundi ardhi ya kwenu ilivyo na udai magurudumu ya mpira yaingie kwenye bei ileile. Mimi niliyalipia mara mbili.