Kamera ya kupigia video roboti kwenye maonyesho: mwongozo kwa wapiga video wa Malindi

Mpiga video aliyezoea arusi na watalii wa ufukweni Malindi ana jua la kutosha, na watu wakiambiwa "geuka kidogo" wanageuka. Ukumbi wa maonyesho ya teknolojia, uwe Nairobi au Dubai, una taa za LED, kelele, umati unaosukumana na roboti isiyomngoja mtu. Unitree G1, ile roboti ya Kichina inayorusha mateke na kucheza, ina kimo cha mita 1.3 hivi na uzito wa kilo 35. Betri yake hudumu kama saa mbili, na mara nyingi wenyewe huionyesha dakika chache kisha huipumzisha. Nunua kamera inayowaka haraka na kufanya kazi kwa mkono mmoja. Hicho ndicho kipimo cha orodha hii.

1. DJI Osmo Pocket 3. Ilitoka Oktoba 2023 kwa dola 519. Bei ya madukani hapa ni nyingine, ulizia. Ina sensa (kipokea mwanga) ya inchi moja, gimbali (mkono wa mota unaotuliza picha) yake yenyewe, na uzito wa gramu 179, hivyo unaweza kuinyanyua juu ya vichwa vya watu bila mkono kuchoka. Ukizungusha kioo inawaka. Tatizo lake kwa roboti ni ufuataji wa nyuso: uso wa plastiki mara nyingi hautambuliki, na kamera inamfuata mtazamaji aliye nyuma. Zima ufuataji huo, kisha chora mraba kwa kidole kwenye kifua cha roboti. Haina zumu ya lenzi, kwa hiyo lazima usogee mbele. Mchanga nao ni adui yake mkubwa. Usiitumie ufukweni leo halafu ukategemea gimbali iwe nyororo kesho. Programu ya DJI Mimo kwa simu za Android hupakuliwa kwenye tovuti ya DJI, si Play Store. Fanya hivyo nyumbani, kabla ya kupanda basi la Mombasa.

2. Simu uliyonayo, na pesa yote iende kwenye sauti. Kama simu inarekodi 4K vizuri, usiidharau. Tumia lenzi kuu au ya 2x. Ile ya 0.5x huwa na giza, tena hufanya kichwa cha roboti kiwe kikubwa kuliko mwili. Bonyeza kioo kwa muda ili kufunga fokasi na mwangaza, halafu shusha mwangaza kidogo, maana roboti nyingi ni nyeupe na simu huunguza rangi hiyo.

3. Sony ZV-E10 au Canon R50. Picha ni nzuri kuliko za hizo mbili za juu, lakini hakuna hata moja yenye kutuliza mtikisiko ndani ya mwili wa kamera, na stendi ya miguu mitatu haina nafasi kwenye umati. Lenzi inayokuja nayo ina giza. Hesabu pia gharama ya lenzi inayopitisha mwanga zaidi, kama Sigma 18-50mm f/2.8. ZV-E10 ina kasoro moja inayoonekana sana hapa: sensa inasoma picha polepole, na mkono wa roboti unaokwenda kasi unatoka umepinda. Ukiwa nayo tayari kwa kazi za arusi, baki nayo. Kuinunua kwa ajili ya roboti pekee, hapana.

4. GoPro, kamera ndogo ya michezo. Kwa roboti mbwa anayepita karibu na sakafu, basi. Mbali ya hapo picha ni pana mno na ukumbini inajaa chembechembe.

Kamera yoyote utakayochagua, taa ndizo zitakazokuharibia kazi. Umeme wa Kenya, kama ule wa Dubai, ni wa hezi 50, na taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Weka kamera kwenye PAL, mpangilio wa video wa nchi za hezi 50: fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50, au fremu 50 na shata 1/100. Ukipiga fremu 120 kwa video ya mwendo wa pole, shata inapita kasi ya taa na mistari ya giza inapanda kwenye picha. Hakuna programu ya kuiondoa vizuri. Kamera za Sony zikiwa PAL zina fremu 100, zitumie hizo na shata 1/100. Macho na vioo vya roboti vina upepesaji wake, kwa hiyo jaribu sekunde tano na uangalie kabla ya onyesho. Shusha kamera ifike kifuani mwa roboti. Ukiipiga kutoka kimo chako, G1 inaonekana toy ya mtoto.

Sauti ya roboti inayozungumza, kama Ameca ya Engineered Arts, kampuni iliyoanzia Uingereza, inatoka kwenye spika. Muombe mhudumu akuonyeshe ilipo, uweke maiki hapo. Maiki nyingi zisizo na waya hutumia masafa ya 2.4 GHz, na ukumbi umejaa Wi-Fi ya masafa hayohayo. Sauti inakatika bila wewe kujua. Ndiyo maana DJI Mic 2, inayorekodi pia ndani yake yenyewe, inastahili bei yake kuliko Mic Mini isiyofanya hivyo. Mwenye pesa kidogo achukue Boya BY-M1: waya wake ni wa mita 6, ila watu wataukanyaga.

Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa, kwa hiyo beba kadi mbili za GB 128 zenye alama ya V30, yaani zenye kasi ya kutosha kurekodi 4K. Pawa benki ya mAh 20,000 inaruhusiwa kwenye ndege, lakini kwenye begi la mkononi tu.

Ukinunua lenzi iliyotumika, hasa iliyokaa pwani, washa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Nyuzi nyembamba kama za buibui ni kuvu, mrudishie mwenyewe. Yako ihifadhi kwenye kopo linaloziba pamoja na vifuko vya silika. Ukitoka kwenye kiyoyozi kuingia joto la kaskazi, iache ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa nusu saa, la sivyo umande unakaa ndani ya vioo.